Tuwahesabu na wasiofika zahanati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna tunavyopima zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilianza kuvipa vituo nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Ulikuwa mwanzo mzuri, kwani vingi vilijikuta havina hata nyota moja na hilo likajulikana wazi.

Lakini mgonjwa aliyebaki nyumbani hayumo kwenye daftari la zahanati. Shangazi yangu ana miaka 71. Kwa sera yetu, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo hutibiwa bure. Mwezi uliopita alitembea saa mbili mpaka zahanati, akaandikiwa dawa za presha, kisha akaambiwa akanunue duka la dawa. Fedha hakuwa nayo. Hajarudi tena, wala simlaumu. Daftarini anasomeka kuwa alihudumiwa!

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanazijua kaya zetu. Wapewe kazi ya kuuliza kila nyumba: nani aliumwa asiende, kilimzuia nini, na aliyekwenda alirudi na dawa? Waanzie vitongoji vya mbali, kwa wafugaji na watu wenye ulemavu. Majibu yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mganga mfawidhi akiwepo, kabla halmashauri haijapanga bajeti ya dawa.

Msomaji wako,
Dodoma