Barua kwa mwanangu: anza na pot-au-feu

Mwanangu, hujambo? Dadako kaniambia toka uhamie Lille huko Ufaransa unaishi kwa kebabu na tambi za pakiti, alafu eti unadai chakula cha Wafaransa ni cha matajiri, tonge moja katikati ya sahani kubwa. Hicho baba ni cha mahotelini. Majumbani kwao hawali hivo, mimi nimefanya kazi kwenye nyumba zao miaka yote hii nasema ninachokijua.

Sasa sikiza, anza na pot-au-feu, nyama ya ng'ombe ya kuchemsha na mboga, ndo chakula cha majumbani. Nenda bucha la halali umwambie nataka paleron (nyama ya bega) na plat de côtes (ya mbavu), na mfupa wenye uboho. Usichukue steki, itakauka iwe kama kamba, hapa inatakiwa nyama ngumu ya bei rahisi maana ile mishipamishipa ndo inayeyuka mpaka supu inanata midomoni. Tia kwenye maji ya baridi ndo uwashe moto, povu likipanda engua, likipanda tena engua, mpaka liishe. Alafu kitunguu kizima umekichomeka karafuu mbili tatu (ndio, karafuu kama za kwetu Pemba, na viungo vyenyewe ndo vimeishia hapo, bibi yako akiona atauliza nani anaumwa), chumvi, na vile vijani vya kunukia vinavyouzwa vimefungwa uzi, bouquet garni. Moto mdogo, maji yatikisike tu yasitokote, masaa matatu hivi. Karoti, liki na tanipu tia saa ya mwisho, viazi chemsha pembeni vinachafua supu.

Kwanza mnakunywa supu peke yake, ya moto. Kwangu mimi chakula ndo hicho, nyama ni nyongeza tu. Uboho paka kwenye mkate uliobanikwa, nyunyiza chumvi ya mawe, kula hapohapo kabla haujaganda. Nyama inaliwa na haradali ya Dijon na vile vitango vidogo vya siki. Pilipili iache kwanza usikie nyama yenyewe, ukishindwa basi chupa yako ipo sikukatazi.

Itakayobaki usitupe! Kesho yake ichambue, kaanga na kitunguu, funika na viazi vya kuponda vyenye siagi na maziwa, tia oveni mpaka juu pababuke. Ndo hachis parmentier, jina la Parmentier, mfamasia Mfaransa wa karne ya 18, enzi hizo Wafaransa wengi viazi hawavitaki wengine wakidhani vinaleta ukoma, yeye alikuwa mateka wa vita Prussia, dola la Wajerumani la zamani, akalishwa viazi akaona mbona mzima, aliporudi akawasumbua wenzake mpaka wakala. Mimi hiyo ya kesho yake ndo naipenda zaidi, nadhani hata wenyewe wanapika nyingi makusudi.

Hela ya nyama nimeshakurushia, isiende kwenye raba. Na mpigie dadako, amenuna.

Mama