Fungua Nati ya Juu Kwanza: kwa Wenye Foo-Wili za Zamani Wanaoishi Ugenini

Majuzi tulifungua difu ya mbele (lile kasha la gia katikati ya ekseli) ya Land Cruiser moja ya siku nyingi, na kilichotoka hakikuwa oili. Ulikuwa uji wa kijivu, mwepesi, unaomiminika kwenye beseni kama maji. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni na boksi la shokamzoba mpya, maana hizo ndizo alizotuletea tumfungie. Oili ya injini huimwaga kila kilomita 5,000 bila kukosa, na daftari la sevisi analo. Difu hakuwahi kuifungua tangu alinunue gari hilo, miaka 6 iliyopita, alipohamia nchi anayofanyia kazi.

Wateja wetu wengi ni watu wa namna yake. Wamenunua foo-wili ya zamani kwa sababu inahimili barabara mbovu na inatengenezeka kwa spana. Wanaishi mbali na kwao, hawana fundi waliyekua naye, na lugha ya gereji ya pale walipo wanaijua nusu. Basi hushughulikia kile wanachokijua, yaani oili ya injini, tairi na betri. Vilivyo chini ya gari vinasubiri hadi viunguze meno ya gia.

Foo-wili yenye ekseli ya kipande kimoja, kutoka gurudumu hadi gurudumu, mbele na nyuma ina oili tano: ya injini, ya giaboksi, ya transfa (kasha linalogawa nguvu mbele na nyuma), ya difu ya mbele na ya difu ya nyuma. Land Rover nyingi za zamani zina nyingine tena ndani ya yale matufe ya chuma yanayogeuka na magurudumu ya mbele. Ukimwambia fundi "nimwagie oili" na ukaishia hapo, atamwaga moja, na hatakuwa amekudanganya.

Maji huingiaje kwenye difu iliyofungwa pande zote? Difu ikishatembea inapata moto, na hewa ya ndani inatanuka. Ukaingia mtoni ghafla, chuma kinapoa, hewa inasinyaa, na ndani kunatokea mvuto. Ndiyo maana juu ya ekseli pana kipumulio, kijibomba kidogo chenye kofia. Kikizibwa na tope, ekseli inatafuta hewa kupitia sili, yaani pete za mpira zinazozuia oili isivuje, na sili hizo wakati huo ziko chini ya maji. Tope la ukubwa wa punje ya mtama linatosha kuua difu nzima. Toa kipumulio, kioshe, kipulize, na ukiweza ufunge mpira mrefu wa kukipandisha hadi karibu na injini. Ni kazi ya mchana mmoja, na kwa gari linalovuka mito hatujui kazi nyingine ndogo yenye faida kubwa kuliko hiyo.

Ukishavuka maji marefu, acha gari lilale mahali tambarare. Asubuhi, kabla hujaliwasha, legeza kidogo nati ya chini ya difu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yapo yatatoka ya kwanza. Lakini kabla ya hiyo nati ya chini, fungua ya juu, ile ya kujazia. Hili tunawasihi sana. Nati ya juu ambayo haijaguswa miaka kumi inaweza kukataa kabisa, na kama umeshamwaga oili yote huna pa kuirudishia, na gari halitembei tena. Ukiwa ugenini, na gereji iko mbali, hilo si jambo dogo.

Yale matufe ya mbele nayo yaangalieni. Nyuma ya gurudumu utaona tufe la chuma linalong'aa, na mpira unaolifuta kila unapokata kona. Utando mwembamba wa mafuta juu yake ni wa kawaida. Grisi iliyogeuka rojorojo na kuchuruzika hadi ndani ya rimu si ya kawaida. Maana yake ni kwamba sili ya ndani ya ekseli imechoka na oili ya difu inaingia kwenye grisi. Watu huongeza grisi, mchuruziko unapungua wiki mbili, na muda wote huo difu inakauka. Dawa yake ni kufungua na kubadili sili, hakuna njia ya mkato.

Kuhusu aina ya oili, someni kopo. Kuna GL-4 na kuna GL-5. Difu inataka GL-5, yenye kemikali nyingi zaidi za salfa na fosforasi za kulinda meno yanayosuguana kwa nguvu. Katika giaboksi nyingi za zamani kemikali hizohizo zinaweza kula pete za shaba njano zinazolainisha uingiaji wa gia, na baada ya muda gia zinaanza kuingia kwa kukwaruza. Fuateni kitabu cha gari, hata kama muuzaji anasema moja inatosha kote.

Sasa spea, ambako wanaoishi nje hupoteza fedha nyingi kuliko penginepo. Magari mengi duniani yana namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17. Yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha namba fupi. Msimbo wenyewe ni kama HDJ81 au HZJ77. Ukiingiza namba hiyo kwenye mfumo wa duka la nchi nyingine unaambiwa gari halipo, kisha unaagiza kwa jina na mwaka. Hapo ndipo unapoletewa kitu kinachofanana. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilianza 1984, na tangu hapo zimebadilishwa mara nyingi. Mwaka 1999 peke yake, modeli ndefu ziliacha springi za bapa mbele zikachukua za koili. Baadhi ya dizeli za soko la Japani zina stata ya volti 24, hali ndugu zao waliouzwa kwingine wana volti 12. Tumeshapokea stata mpya kabisa, imelipiwa na ushuru, isiyoweza kufungwa kwenye gari la mwenyewe. Pigeni picha kile kibati cha chesisi, chote, hadi maandishi madogo ya ekseli, na muiweke kwenye simu.

Mengine kwa ufupi. Mkanda wa taimingi huchoka kwa umri hata gari likisimama, kwa hiyo kama hujui ulifungwa lini, hesabu umechelewa. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lisilo na difu ya katikati, ile ya kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, usiliwekee foo-wili kwenye lami kavu, maana ekseli mbili hazitembei umbali sawa kwenye kona, na kitakachovunjika ni krosi (kiungo cha shafti) au transfa. Na mnaoishi nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, osheni chesisi ndani na nje, kwa sababu kutu yake huanzia ndani ya vyuma vya chesisi vyenye uwazi katikati, ambako jicho halifiki.

Huduma yetu kwenu ni hii. Tumeni picha ya kibati, picha za ekseli zote mbili kwa ndani ya magurudumu, na mtuambie gari limevuka maji gani. Tutawaandikia orodha ya sili, oili na mikanda ya gari lenu hasa, kwa namba za spea, mkanunue popote mlipo na mumpe fundi wenu. Mkiwa karibu, lileteni.

Ile difu ya kijivu tuliiosha, tukabadili sili na kusafisha kipumulio, tukajaza oili mpya. Beringi zilikuwa bado nzima, tukashukuru. Baada ya kilomita 500 mwenyewe akarudi, tukafungua tena, nati ya juu kwanza. Oili ikatoka ya rangi ya asali, haina tone la maji. Shokamzoba tukazifunga siku hiyo.