Kwa nini hatuuzi manukato ya feromoni

Kuna swali tunaloulizwa mara nyingi, na karibu kila mara huulizwa kwa sauti ya chini. Mteja ananusa chupa mbili tatu, kisha anasogea mezani: "Na ile ya kuvutia mnayo? Ile yenye feromoni?" Wengine wametoka kuachwa. Wengine kuna mtu wanampenda na hawajui waanzie wapi. Ndiyo maana hatulipuuzi swali hili. Jibu letu ni kwamba hatuna, na hatutaiweka mpaka wanasayansi wapate cha kutia ndani ya chupa hiyo.

Feromoni zenyewe, yaani kemikali anazotoa mnyama na wenzake wa aina moja wakaziitikia, si uongo. Neno lilibuniwa mwaka 1959 na Peter Karlson na Martin Lüscher, na mwaka huohuo mkemia Mjerumani Adolf Butenandt alitangaza feromoni ya kwanza kutambuliwa, bombikoli ya nondo wa hariri. Yeye na wenzake walihangaika nayo kwa takriban miaka 20, na wakatumia nondo jike wapatao 500,000 ili wapate miligramu chache tu. Nondo dume akiinasa kwa vipapasio vyake, hupepesa mabawa na kuifuata mpaka amfikie jike. Nguruwe nao wanayo. Mate ya dume yana androstenoni, na jike aliye kwenye joto akiinusa husimama tuli, tayari kupandwa. Wafugaji wanaijua vizuri, maana huuzwa kwenye makopo ya kupuliza. Feromoni basi ni kemikali inayojulikana, ambayo mnyama wa aina hiyo akiipata huitikia kwa namna inayotabirika.

Kwa binadamu kemikali ya namna hiyo haijathibitishwa hata moja. Majina mawili utakayokutana nayo kwenye lebo ni androstadienoni na estratetraenoli. Yalipata umaarufu kuanzia mkutano uliofanyika Paris mwaka 1991, kwa msaada wa kampuni iliyokuwa na maslahi ya kibiashara ndani yake, bila maelezo ya kueleweka kuhusu jinsi kemikali hizo zilivyochaguliwa. Mwaka 2015 Tristram Wyatt, mtaalamu wa feromoni wa Chuo Kikuu cha Oxford, alipitia tafiti zilizofuata na kusema wazi kwamba msingi wake haupo. Mwaka 2017 watafiti wa Australia waliwapa watu kemikali hizo na kuwaonyesha picha za nyuso. Hazikubadilisha namna walivyouona uzuri wa nyuso hizo.

Mteja mmoja alituletea chupa aliyoinunua kwingine, akitaka tumweleze kwa nini haimsaidii. Tulipaka tone kwenye karatasi ya kunusia. Ilikuwa na miski na sandali, mchanganyiko mzuri kabisa, ila hakuna harufu inayoweza kutimiza ahadi iliyoandikwa nje ya kile kiboksi.

Lakini tusikuache ukidhani harufu haina kazi katika mapenzi. Inayo, na kwa maoni yetu ukweli wake unapendeza kuliko hadithi ya feromoni. Jasho la kwapa linapotoka kwenye tezi halina harufu ya kutaja. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ndio wanaolivunjavunja na kulipa harufu, na kwa kuwa ngozi zetu hazifanani, kila mtu ananukia kivyake. Kichanga cha siku chache tu kinaitambua harufu ya mama yake. Mwaka 1995 Claus Wedekind, huko Bern, Uswisi, aliwapa wanaume 44 fulana za kulalia usiku mbili, kisha wanawake 49 wakazinusa. Kwa wastani, wanawake ambao hawakuwa wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango walipendelea fulana za wanaume wenye jeni za kinga ya mwili zilizotofautiana na zao. Majaribio mengine ya baadaye hayakutoa jibu lilelile, kwa hiyo tunalitaja kama dokezo tu.

Upande wa hisia tunaona ushahidi unagusa maisha zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya wanawake 96 walionusishwa fulana kabla na baada ya kutiwa kwenye msongo wa mawazo. Walionusa ya mwenzi wao walihisi msongo mdogo. Walionusa ya mwanamume wasiyemjua, kotisoli yao, homoni ya msongo, ilipanda. Kama umewahi kulala na shati la mtu aliyesafiri, unajua wanachozungumzia.

Na manukato je? Utafiti tunaoupenda sana ni wa Uingereza wa mwaka 2009. Wanaume waligawanywa: wengine wakapewa dawa ya kwapa yenye manukato, wengine isiyo na harufu. Baada ya siku chache wanawake walitazama video zao zisizo na sauti, na hapo hawakuweza kunusa chochote. Bado waliwaona waliojipaka manukato kuwa wanavutia zaidi. Kwenye picha za mnato, tofauti hiyo haikuonekana. Sura zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni namna walivyojiamini na walivyojibeba. Na mwaka 2012 watafiti wa Cheki walionyesha kwamba manukato ambayo mtu amejichagulia mwenyewe hupatana na harufu ya mwili wake kuliko yale aliyopangiwa.

Kwa sababu hiyo, ukija kwetu hatukuulizi unataka kumvutia nani. Njoo umeoga na hujapaka chochote. Tutaweka tone moja upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako, kisha tutakuomba uende ukafanye mambo yako. Harufu za ndimu na machungwa huondoka mapema. Miski, vanila na miti hubaki kwa saa nyingi, na hizo ndizo atakazozinusa mtu aliye karibu nawe. Jaribu tatu tu kwa siku, maana pua huchoka. Usinunue siku hiyo. Jioni inua mkono uunuse tena, na kama utajikuta umeunusa mara ya pili bila kukusudia, rudi kesho, chupa yako tumekuwekea.