Kobe wetu hasemi

Kayole, Nairobi
Jumapili usiku

Ndugu yangu Mwakio,

Salamu nyingi sana. Huku sote wazima, mguu wa mama umepona, anatembea hadi sokoni mwenyewe. Najua tangu Pasaka sijakuandikia. Unisamehe. Leo nina shida, na sioni mwingine wa kunitoa.

Ile gemu yetu ya wanyama wanaoshindana kwa vigari sasa inachezeka. Jana niliibeba kwenye flashi hadi kibandani kwa Baba Shiru, pale tulipokuwa tukipanga foleni na sarafu za shilingi kumi mkononi. Wanyama wote wanane wanaendesha. Fisi amepewa kile kigari ulichokichora kama matatu, na kikiserereka kwenye kona kinatimua vumbi jekundu. Watoto walilipigia vumbi makofi! Kama dakika tano hivi. Halafu wakapoa. Msichana mmoja, hajafika hata miaka tisa, alimgonga kobe kwa nyuma, akasubiri kidogo, akaweka padi ya kuchezea magotini na kuniuliza, "Mbona hawasemi? Huyu ni bubu?"

Sikupata usingizi, Mwakio.

Unaikumbuka ile gemu ya vigari ya Nickelodeon, runinga ya watoto, ya 2018, ya SpongeBob na wale Kobe wa Ninja? Walioitengeneza ni Bamtang, studio ya kule Lima, Peru. Nilipojua hilo nilifurahi mno, maana hata Lima ni mbali na wakubwa wa gemu kama tulivyo mbali sisi. Madereva walikuwa 12, barabara zimejaa ute wa kijani wa kukuongezea mwendo. Lakini wahusika ambao watoto wanazijua sauti zao tangu utotoni walikaa kimya tangu mwanzo wa mbio hadi mwisho, na wachezaji wakalalamika sana. Ya pili, ya 2020, ikaongeza madereva hadi 30. Ya tatu ikatoka 2022, na humo ndimo SpongeBob na wenzake wakaanza kuongea. Watu wa Lima hawakukata tamaa, ila ilichukua miaka minne. Mimi sitaki kungoja miaka minne wakati sauti ziko huko kwako Voi.

Otieno anasema tuongeze barabara, tuweke Thika Road na mteremko wa Mai Mahiu. Barabara zipo za kutosha! Tangu Super Mario Kart ya 1992, raha ya mbio hizi ni watu wawili kukaa mbele ya skrini moja na kuchokozana. Kobe akigongwa lazima alalamike. Fisi akipitwa atukane kidogo, matusi ya kitoto. Na kuna ile hesabu ya kumsaidia aliyebaki nyuma asikate tamaa, bado nairekebisha, sungura anashika mkia halafu ghafla... nitakuonyesha ukija.

Kwa hiyo njoo. Ile sauti uliyomtolea fisi tukiwa darasa la sita, mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini kuangalia kuna nini, ndiyo ninayoitaka. Hakuna mwingine anayeiweza, nimejaribu mwenyewe na ya Otieno pia. Nimetundika blanketi mbili ndani ya kabati na maikrofoni ninayo. Pesa ni kidogo: nauli ya treni kwenda na kurudi, chakula cha mama, na sehemu yako siku gemu itakapouzwa, tutaiandika kwenye karatasi.

Unaweza kupata ruhusa kazini siku mbili? Koo lako limepona kile kikohozi? Dada yako bado anaiga wale makanga wa stejini, na atakubali kuwa sungura? Kobe unamsikiaje wewe, mzee mnung'unikaji au kijana mvivu? Na je, ile daftari yenye michoro ya kwanza unayo bado? Msichana wa jana ameniuliza kobe anaitwa nani, nikakosa jibu.

Nijibu kabla ya Ijumaa.

Ni mimi nduguyo,
Kimani