Shanga zinazotungwa asubuhi na kumwagwa jioni

Ndugu Mhariri,

Ukitaka kujua kama kituo cha watu wazima wenye ulemavu wa akili kinafundisha au kinashinda nao tu mpaka jioni, ulizia shanga. Asubuhi mtu wa miaka 32 hupewa uzi na bakuli la shanga, akatunga mpaka saa sita. Jioni, watu wakishaondoka, mfanyakazi hukata fundo na kuzimwaga bakulini, na kesho yake mtu yule yule huanza upya. Mwenyewe anajua. Rangi anazitambua, na hata ile shanga moja iliyopasuka anaikumbuka. Akizikataa, ripoti inaandikwa kwamba hana ari ya kujifunza.

Sisi ni wakufunzi wa stadi za maisha na kazi kwa watu wazima, na barua hii inahusu kile kinachopaswa kuchukua nafasi ya shanga hizo. Mjadala wa elimu kwa watu wenye ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo au hali ya Down (ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada) mara nyingi huishia kwenye lango la shule, utadhani mtu akivua sare ameacha kujifunza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, hauishii hapo: ibara ya 24 inataja elimu ya watu wazima, mafunzo ya ufundi na kujifunza maisha yote. Kwetu sisi kazi yenyewe ni hii: mtu mzima afundishwe kitu halisi, kwa vifaa halisi, mahali kitakapotumika, na msaada anaopewa upunguzwe kwa mpango mpaka uishe. Programu nyingi hukwama kwenye hilo la mwisho.

Chukua kupiga deki. Kwa anayejua ni kazi moja. Ukiivunja unapata hatua kumi na mbili hivi: kuchukua ndoo, kujaza maji, kupima sabuni, kubeba ndoo hadi ukuta wa ndani, kuchovya, kukamua, na kadhalika mpaka kuanika deki. Ndoo ya lita 10 ichorwe mstari mwekundu kwa ndani, kwa rangi isiyofutika, kwenye lita 5. Ikijaa, maji peke yake ni kilo 10 na yatamwagika njiani. Sabuni ipimwe kwa kifuniko chake, kimoja, si "kidogo". Makosa hujirudia mahali pawili. La kwanza ni kukamua, kwa kuwa mkufunzi anasema "kamua vizuri", na "vizuri" si kipimo. Sema: kamua mpaka maji yasidondoke wakati unahesabu moja hadi tano. La pili ni pa kuanzia. Mwanafunzi anaanzia mlangoni, anajikuta kakwama kwenye kona, kisha anatoka akikanyaga sakafu aliyoisafisha. Usimwelezee. Peleka ndoo ukuta wa mbali kwanza, kila siku, nayo ndoo itamfundisha pa kuanzia kuliko maneno yako.

Wengi hunufaika wakianza kufundishwa kutoka mwisho. Mkufunzi anafanya hatua kumi na moja, mwanafunzi anafanya ya kumi na mbili tu, yaani kuanika deki na kuondoka. Akiimudu, anafanya mbili za mwisho. Kwa njia hii kila siku anamaliza kazi. Anayeanzia mwanzoni na kukwama hatua ya tatu huondoka na kushindwa kule kule wiki nzima.

Tatizo letu kubwa ni mdomo wa mkufunzi. Mwanafunzi anashika deki, anasita, na kabla hajafikiri anasikia: "Chovya. Chovya basi. Haya, chovya!" Baada ya miezi sita hachovyi mpaka aambiwe, kwa sababu amejifunza kwamba ile sauti ni sehemu ya kazi. Msaada wa maneno ni rahisi kuutoa na mgumu sana kuuondoa. Picha au kidole huondoka kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo funga mdomo na uhesabu kimoyomoyo hadi tano. Mwenye mtindio wa ubongo huenda akahitaji hadi kumi na tano, maana akili imeshaamua na misuli bado iko njiani. Asipoanza, nyooshea kidole kifaa kinachofuata. Bado? Fanya wewe mara moja huku anatazama, kisha mrudishie. Kumshika mkono na kuuongoza ni hatua ya mwisho, na kwa ruhusa yake. Kwenye maji ya moto, kisu au barabara mpangilio unageuka: unaanza na msaada mkubwa, ukiwa bega kwa bega naye, kisha unaupunguza kidogo kidogo. Hapo humsubiri mtu akosee.

Kumbukumbu zinahitaji karatasi moja tu. Hatua zipangwe upande wa kushoto, tarehe juu, na katika kila kisanduku herufi moja: P akifanya peke yake, K akinyooshewa kidole, T akitazama kwanza, M akiongozwa mkono. "Anaendelea vizuri" haimsaidii mkufunzi atakayeshika zamu kesho. Hatua moja ikiandikwa M wiki mbili mfululizo, kosa si la mwanafunzi: ivunje vipande viwili, au badilisha kifaa. Asiyeweza kusokota deki kwa sababu kiganja ni dhaifu apewe ndoo yenye kikamulio, wala asihesabiwe kuwa ameshindwa kusafisha. Stadi tunasema imeshikwa pale P zinapojaa siku tatu mfululizo, kisha zikajaa tena kwa mkufunzi mwingine na kwenye sakafu nyingine.

Sakafu hiyo nyingine si urembo. Watu wengi wenye ulemavu wa akili hujifunza kitu pamoja na mahali pake, kwa hiyo aliyefuzu kuvuka "barabara" ya chaki uani kwa kituo hajajifunza kuvuka barabara. Kuvuka kunafundishwa barabarani, kwanza saa ambazo magari ni machache, kisha saa za kawaida, kwenye kivuko kile kile atakachokitumia. Watoke wawili au watatu kwa mkufunzi mmoja. Kundi la watu kumi wenye fulana za rangi moja ni msafara: watu wanasimama kuangalia, na ndani ya msafara hakuna anayeamua lolote, kila mmoja anafuata mgongo wa mwenzake.

Kuhusu kusoma, tunaomba kitabu chenye sungura kifungwe. Mtu aliyeimba ba be bi bo bu kwa miaka kumi bila kusoma hahitaji mwaka wa kumi na moja wa wimbo huo. Aanze na maneno mazima anayokutana nayo: jina lake, HATARI, INGIA, TOKA, CHOO, jina la kituo anachoshukia. Maandishi ya kumpa yawe na wazo moja kwa sentensi, herufi za ukubwa wa 14 kwenda juu, na picha kando ya sentensi inayoihusu, si pambo la ukurasa. Pesa zifundishwe kwa pesa zenyewe, kwani za karatasi za kuchezea zinafundisha kuchezea. Anayeweza kuhesabu lakini hawezi kupiga hesabu ya chenji afundishwe kutoa moja zaidi: bei ikiwa saba na senti kadhaa, anatoa nane na kusubiri chenji. Ataingia dukani leo badala ya kusubiri ajue hesabu za kutoa.

Jambo la kuchagua na kukataa linatuudhi zaidi kuliko yote. Mtu aliyesifiwa maisha yake yote kwa kuwa mtiifu anakubali lolote. Mwulize "unapenda hapa?", atasema ndiyo; mwulize "hupapendi hapa?", atasema ndiyo vilevile. Swali la ndiyo au hapana halimfai. Mwonyeshe vitu viwili, achague, kisha mwulize tena baadaye ukiwa umebadilisha mpangilio, kwa sababu wapo wanaochukua kile kilichotajwa mwisho. Na akisema hataki juisi, usimmiminie. Vituo vinaandaa somo la kujilinda dhidi ya udhalilishaji, linafundisha viungo vya mwili kwa majina yake, nani aguse nini na kwa sababu gani, na nani wa kuambiwa, na somo hilo ni la lazima. Lakini kama "sitaki" yake inapuuzwa mezani mara tatu kwa siku, haitamtoka siku atakapoihitaji kwelikweli. Hapo hapo tuache kumwita mtu wa miaka 45 "mtoto wetu". Wenzake wa umri huo wanaitwa kaka, shangazi, mzee.

Yupo pia yule aliyekuwa mtulivu, ghafla anapiga kichwa ukutani au anasukuma meza. Kabla ya kuandika neno "ukorofi", angalia meno, masikio, na siku aliyokwenda haja mara ya mwisho. Asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa mwili. Mwenye hali ya Down anayepoa na kusahau hatua alizozijua huenda tezi ya shingoni inafanya kazi pungufu, au usikivu umeshuka. Na kwa kuwa ugonjwa wa kusahau huwapata watu hawa mapema kuliko wengine, ile karatasi ya P na M ya kabla hajafikisha miaka 40 ni hazina kwa daktari, maana inaonyesha alikuwa anaweza nini. Kwa wenye kifafa, kila mfanyakazi, mpishi na mlinzi wakiwemo, ajue: tazama saa, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mshtuko ukipita dakika 5 ita msaada wa dharura.

Wanaosema kazi ya kweli haiwezekani walishajibiwa zamani. Miaka ya 1970 huko Marekani, Marc Gold, mwalimu na mtafiti wa elimu ya watu wenye ulemavu, aliwafundisha watu waliohesabiwa kuwa hawafundishiki kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15, kwa njia hii hii ya kuvunja hatua na kupunguza maneno. Leo mkufunzi wa kazi huingia mwenyewe mahali pa kazi kwanza, akaifanya kazi siku mbili, ndipo akamleta mwanafunzi. Tangu siku ya kwanza amuunganishe na mfanyakazi mwenzake wa pale pale, ili swali liende kwa mwenzake, lisimsubiri mkufunzi. Saa za mkufunzi zipungue wiki hadi wiki, lakini simu na ziara zisikatwe kabisa, hasa msimamizi anapobadilishwa. Ajira nyingi huvunjika hapo. Nyingine huvunjika kwa mambo ambayo hayakuandikwa popote, si kwa kazi: kukumbatia kila anayeingia, kuchukua chakula cha mwenzake, kutojua mapumziko yanaisha lini. Nayo yafundishwe hatua kwa hatua kama deki. Malipo yawe sawa na ya mwingine anayefanya kazi ile ile.

Tunawaomba wazazi na walezi kitu kimoja cha kufanya wiki hii bila kusubiri kituo wala bajeti. Andikeni ukurasa mmoja, usizidi: anaitwaje na anapenda kuitwaje, anaonyeshaje kwamba anataka choo, kwamba anaumwa, kwamba ameshiba, dawa, kipimo na saa, chakula kinachompalia na namna anavyokaa anapokula, kinachomtuliza na kinachomtibua, na yale anayoyafanya peke yake, ili mgeni asije akaanza kumvalisha viatu mtu anayejivalisha. Mwenyewe awepo mnapoandika, na picha aichague yeye. Nakala moja ikae kituoni, moja kwa ndugu atakayempokea wazazi wakiugua, moja ndani ya begi lake. Juu iandikwe tarehe, na kila mwaka iandikwe upya.

Wakufunzi wa stadi za maisha na kazi kwa watu wazima wenye ulemavu wa akili