Tazama mlango

Mwanangu,

Ukianza ile filamu ya Kikorea ya mwaka 2003 ya Kim Ki-duk, ile iliyopewa jina la majira manne ya mwaka, weka simu mbali. Ina dakika 103 na maneno machache sana, kwa hiyo ukiinama kidogo tu umepitwa.

Cha kwanza kutazama ni mlango. Ndani ya hekalu la Kibuddha lililo katikati ya maji, wanamoishi mtawa mzee na mwanafunzi wake, mahali pa kulala pana mlango lakini hapana ukuta. Mzee na mwanafunzi wake huufungua, wakapita, wakaufunga, ingawa wangeweza kuuzunguka. Kwenye majira ya joto, mwanafunzi yule, sasa kijana, akishamtamani msichana aliyeletwa kutibiwa, usiku anapita kando ya mlango kwa kutambaa. Wengi huona kosa lake ni mauaji atakayoyafanya baadaye. Mimi naona amekwisha kuanguka pale.

Kisha fuata jiwe. Akiwa mtoto alimfunga jiwe samaki, chura na nyoka, akacheka. Mzee akamfunga yeye jiwe mgongoni akiwa usingizini, na asubuhi akamtuma akawafungue. Chura yu hai, samaki na nyoka wamekufa. Wakati wa baridi utamwona ni mtu mzima, akiigizwa na Kim Ki-duk mwenyewe, anapanda mlima na sanamu mikononi huku akikokota jiwe la kusagia. Bila yule mtoto, huwezi kuelewa anajitesea nini.

Kabla ya hapo, kwenye vuli, anarudi hekaluni baada ya kuua. Maandishi anayochonga sakafuni ni Sutra ya Moyo, andiko fupi la Kibuddha ambalo kwa Kichina lina herufi 260. Mzee anaiandika kwa mkia wa paka uliochovywa wino, naye anaichonga kwa kisu alichoulia, usiku kucha, mpaka hasira inamwisha. Polisi waliokuja kumkamata wanaishia kusaidia kupaka rangi. Sehemu hii irudie.

Usidhani watawa wa Korea wanaishi hivyo, wawili katikati ya maji. Hekalu lile lilijengwa kwa ajili ya filamu katika bwawa la Jusanji, wilaya ya Cheongsong, ambalo lilitengenezwa karne ya 18 kumwagilia mashamba; baadaye hekalu hilo likaondolewa. Watawa wenyewe huishi kwa jumuiya, huamka kama saa tisa usiku, na wale wa kutafakari hujifungia miezi mitatu ya joto na mitatu ya baridi. Tena mzee anajichoma moto ndani ya mashua, amejibandika karatasi usoni. Hiyo si desturi yao; mafundisho ya Buddha yanakataza kuua. Nakwambia mapema lisije likakushtua ukiwa peke yako.

Mzee akishafariki, mwangalie nyoka anayeonekana hekaluni. Nikikupigia Jumapili, uniambie wewe unaona ni nani.

Mama yako