Kozi za ukocha ziletwe Kigoma, viungo wetu wanazeekea mchangani

Mhariri, shikamoo kama ni mkubwa, kama ni rika langu basi mambo. Naomba kanafasi niongelee hili la wachezaji wa zamani kugeuka makocha, hasa viungo, maana huku Kigoma vijiweni kila jioni ndo ubishi wenyewe.

Kuna jamaa hapa Ujiji, jina naliacha sijamwomba ruhusa, enzi zake alikuwa kiungo mkabaji, sahivi anafundisha madogo kwenye kiwanja cha vumbi. Hawazungushi uwanja mpaka watapike kama wengine, anawapanga duara, mmoja anakaa kati, na kabla pasi haijamfikia yeye anapiga kelele "shingo! shingo!" huku kanyoosha vidole nyuma ya mgongo wa dogo, na dogo lazima ageuke ataje ni vingapi ndo aguse mpira, asipotaja anatoka anaingia mwingine. Hiyo kitu anaijua mtu aliyecheza kati akapigwa viatu vya nyuma.

Ila na karatasi inatakiwa, sibishi. Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka Afrika, zinaanzia D, C, B, A mpaka Pro, na kwa kawaida unapanda moja moja. Sasa huyu jamaa kozi kila akizisikia ni za mbali, apige hesabu ya nauli, pa kulala, ada, na nyumbani wale nini wiki zote hizo? Anaahirisha, mwakani anaahirisha tena.

Na wale wanaosema staa apewe timu kubwa moja kwa moja, wamwangalie Xabi Alonso. Kiungo na kombe la dunia analo, ila alianza na watoto wa Real Madrid, akaenda Real Sociedad B, Leverkusen wakamchukua Oktoba 2022 wakiwa wa pili kutoka mkiani, 2024 kabeba ubingwa wa Ujerumani bila kufungwa hata mechi moja ya ligi.

Kwetu wapo pia. Mkwasa alikuwa kiungo, 2015 akapewa kuifundisha Taifa Stars. Matola, nahodha wa ile Simba iliyowatoa Zamalek ya Misri 2003, aliingia benchi la Simba mwishoni mwa 2019 kama msaidizi, toka hapo makocha wageni wamekuja wameondoka kibao. Usaidizi hauna ubaya jamani, ila usiwe kifungo cha maisha!

Turudi Kigoma. Fainali ya kombe la FA 2021 Simba na Yanga zililetwa hapa uwanja wa Lake Tanganyika, kiungo Taddeo Lwanga akaimaliza kwa goli moja, na Mashujaa wetu wako ligi kuu. Sasa kama zile timu mbili na mashabiki wao walifika, mkufunzi mmoja na begi lake anashindwaje? TFF na chama cha mkoa wakae waangalie, kozi ya D ifanyike hapa shule zikifunga, madarasa yanakuwa matupu, na ada watu waruhusiwe kulipa kidogo kidogo. Jamaa wa Ujiji nitamwandikisha mimi mwenyewe.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma